Kukodi gari ugenini: asiransi gani ya kuchukua, na gani ya kuacha?



Wengi wetu siku hizi tunapata nafasi ya kutoka: formasio ya wiki mbili, mkutano, maonyesho ya kilimo, ao kutembelea ndugu. Tukifika kule, tunaona kwamba fasi tunayoenda haina basi, na mtu mmoja anasema: "Tukodi gari, tugawane bei." Ni wazo nzuri. Lakini mbele ya kupewa ufunguo utaulizwa swali moja ambalo hakuna mwalimu alitufundisha: unataka asiransi gani? Una dakika tano za kujibu, watu wanangoja nyuma yako kwenye mstari, na karatasi iko kwa Kiingereza.

Mimi nilijibu vibaya. Sikupata aksida kubwa, hakuna mtu aliumia, Mungu asifiwe. Lakini jibu langu lilikula pesa ambayo haikuwa yangu. Njo maana naandika.

Vile ilitokea

Mwezi wa 5, mwaka 2024, tulikuwa wanne, wote watu wa agronomia kutoka Lubumbashi. Tulienda Afrika Kusini kuona NAMPO, yale maonyesho makubwa ya kilimo yenye kufanyika kila mwaka mwezi wa 5 karibu na mji wa Bothaville, mu jimbo la Free State. Kutoka Johannesburg mpaka pale ni zaidi ya kilomita 200. Tulipanga kukodi gari ndogo siku tano.

Kwenye kadi yangu ya banki kulikuwa karibu dola 1,150. Sehemu ndogo ilikuwa yetu, ya kulipa gari. Kubwa ilikuwa ya kikundi cha walimaji wa njia ya Kipushi, wengi wao wamama, ambao tunawasaidia mambo ya mbegu na mbolea. Walichanga tuwaletee mashine ndogo ya kupukucha mahindi. Mwezi wa 5 kwetu ni wakati wa mavuno, kwa hiyo mashine ilikuwa ya lazima mwaka ule ule. Tuliweka pesa kwenye kadi juu ya kuogopa kutembea na noti.

Pale uwanja wa ndege wa OR Tambo, kijana wa ajanse alitupa bei tatu. Nitaandika kwa hesabu ya mviringo, kwa randi. Wakati ule dola 1 ilikuwa karibu randi 18.

Ya kwanza: randi 420 kwa siku, na ndani yake muko kinga ya kawaida. Ya pili: unaongeza randi 140 kwa siku, unapata kinga kubwa. Ya tatu ni nyongeza ya mipira na vioo: randi 45 kwa siku.

Mwenzetu mmoja, ambaye ni mkubwa wetu, akasema: "Yaya, bale banatafuta tu feza. Siku tano, tutagonga nini? Kamata ya kwanza." Nilimsikiliza. Niliona nimeokoa randi 925, karibu dola 51. Nikatia sahihi.

Sasa nieleze kile nilichotia sahihi, juu nilikielewa nyuma.

Kwanza tutenganishe vitu vitatu

Tukisema "asiransi ya gari" tunachanganya vitu vitatu ambavyo havifanani.

Kitu cha kwanza ni asiransi ya kulipa wengine. Umegonga mtu, ao gari ya mtu, ao ukuta wa mtu: nani analipa? Hiyo tunaijua. Kwetu Kongo ni lazima tangu sheria ya tarehe 5 mwezi wa kwanza 1973. Kwa miaka mingi SONAS peke yake njo ilikuwa na haki ya kuiuza, mpaka sheria ya mwaka 2015 ilipofungua soko kwa kampuni zingine. Ile karatasi ndogo kwenye parabrizi, ambayo polisi wa barabara anaomba kila asubuhi, ni hiyo.

Kitu cha pili ni kinga ya gari yenyewe uliyokodi. Ikigongwa, ikiibiwa, ikiungua, mwenye gari atadai nani? Hapa njo watu wanalizwa.

Kitu cha tatu ni kinga ya mwili wako na ya wale uliobeba: hospitali, kurudishwa nyumbani.

Mtu anaweza kuwa na kimoja, akakosa viwili. Ukisikia "gari iko na asiransi," uliza: ya kulipa nani?

Kinga ya gari si asiransi, ni ahadi

Kwenye kontra utaona herufi CDW ao LDW, ao neno waiver. Maana yake ni hii: kwa kawaida, ukirudisha gari imeharibika, mwenye gari ana haki ya kukudai bei yote. Ukilipa kitu fulani kwa siku, yeye anaahidi kutokudai yote, atakudai mpaka kiasi fulani tu. Kile kiasi sisi tunakiita fransizi. Kwa Kiingereza utasoma excess. Ni sehemu ya hasara inayobaki kwenye kichwa chako.

Kwa kontra yetu ya kinga ya kawaida, fransizi ilikuwa randi 24,000. Tufanye hesabu. Umeharibu gari kwa randi 15,000: unalipa 15,000 yote, juu haijafika 24,000. Umeharibu kwa randi 80,000: unalipa 24,000, zingine zinabaki kwa ajanse. Kwa hiyo, kwa mikwaruzo na aksida ndogo ndogo, zile zinazotokea mara nyingi, kinga ya kawaida haikusaidii kitu. Inakuokoa tu siku ya balaa kubwa.

Kwa kinga kubwa, fransizi ilishuka mpaka randi 5,000.

Na kwa kuwa hii ni ahadi, iko na masharti. Ukivunja sharti moja, ahadi inakufa, na unarudi kwenye bei yote ya gari, hata kama ulilipa kinga kubwa. Masharti karibu yote yanafanana toka ajanse moja mpaka ingine:

- gari iendeshwe na yule aliyeandikwa kwenye kontra peke yake;
- dereva asiwe amekunywa;
- permi iwe ya halali katika nchi ile;
- gari isipite fasi iliyokatazwa, wala kuvuka mpaka bila barua ya ruhusa;
- aksida ama wizi utangazwe kwa polisi na kwa ajanse mu masaa yaliyoandikwa.

Kuhusu permi, wandugu, tusikilizane vizuri. Permi yetu iko kwa Kifaransa. Afrika Kusini wanaomba permi yenye lugha mojawapo ya nchi yao, ao iambatane na tafsiri rasmi ao permi ya kimataifa. Kuna ajanse inaweza kukupa gari bila kuangalia sana. Lakini siku ya aksida wataangalia sana. Tengeneza ile permi ya kimataifa ukingali Kongo.

Na kuhusu dereva aliyeandikwa: kurudia Johannesburg, usiku, nilichoka, na mkubwa wetu akashika volan karibu kilomita 80. Jina lake halikuwa kwenye kontra. Hakukutokea kitu. Lakini zile kilomita 80 tulizifanya bila kinga yoyote, na gari ya watu yenye bei ambayo sisi wanne hatuwezi kuilipa hata kwa miaka mitatu. Kuandika dereva wa pili kulikuwa kwa bei ndogo. Hatukuuliza.

Vitu ambavyo kinga inaruka

Hata ukichukua kinga kubwa, kuna sehemu za gari ambazo mara nyingi hazimo: mipira, janti, vioo, sehemu ya chini ya gari, paa, maji yaliyoingia ndani, ufunguo uliopotea. Na esanse: ukiweka mazuti kwenye gari ya esanse, injini ni yako. Afrika Kusini kuna vijana wa pompe wanaokujazia, wewe unakaa tu. Shuka, uonyeshe kwa kidole ni pompe gani.

Kuna pia kontra zenye kupandisha fransizi kama aksida haina gari ingine ndani: umeteleza peke yako, umegonga mti, umepindua kwenye njia ya changarawe. Kwetu sisi wa agronomia hiyo ni hatari kubwa, juu kazi yetu haiko kwenye lami, iko mashambani.

Sasa yetu ilikuwa hivi. Siku ya pili asubuhi, tumeshapita Viljoenskroon, tunakaribia Bothaville, malori ya mahindi mbele na nyuma. Nilipita shimo ambalo sikuliona. Mlio mmoja, gari ikavuta upande wa kushoto. Mpira umepasuka, janti imepinda. Tukaweka mpira wa akiba, tukaendelea polepole. Kila mtu alikuwa anacheka. Tulisema: asiransi iko.

Asiransi haikuwa. Mipira na janti zilikuwa kwenye ile nyongeza ya randi 45 ambayo tuliiacha. Wakati wa kurudisha gari tulidaiwa randi 4,600 za mpira na janti, na randi 450 za "kazi ya dosie". Jumla 5,050. Nyongeza ya siku zote tano ingekuwa randi 225. Na angalieni vizuri: hata tungelipa kinga kubwa ya 140 bila ile ya mipira, tungelipa vile vile. Jina "kubwa" haliseme kwamba yote imo. Ukisikia neno lolote lenye maana ya "kamili", omba ukurasa wenye orodha ya yale ambayo hayamo. Huo ukurasa njo kontra ya kweli.

Garanti: fasi pesa ya wamama ilipolala

Lakini hasara kubwa haikuwa mpira.

Wote tunajua garanti ya nyumba: mbele ya kuingia unaacha miezi kadhaa kwa bwana nyumba, utarudishiwa siku ya kutoka. Gari ya kukodi iko na garanti pia. Hawachukui pesa mkononi, wanafunga kiasi kwenye kadi yako. Pesa inaonekana iko, lakini hauwezi kuigusa.

Na hapa njo kuna siri ambayo hakuna mtu alinieleza: garanti inafuata fransizi. Fransizi ikiwa kubwa, garanti inakuwa kubwa. Kwa kinga ya kawaida walifunga randi 9,000. Kwa kinga kubwa wangefunga 3,000.

Fanyeni hesabu nami. Dola 1,150 ni karibu randi 20,700. Tulilipa gari 2,100, wakafunga 9,000. Ikabaki 9,600. Pale NAMPO tulipata mashine ya kupukucha ambayo ilifaa kabisa, bei randi 13,000. Pesa "ilikuwa" kwenye kadi. Muuzaji akapitisha kadi mara mbili, ikakataa mara mbili. Nilitoka pale nje, nikakaa chini kwenye majani kavu.

Kama ningechukua kinga kubwa na ile ya mipira: gari 2,100, nyongeza 700 na 225, garanti 3,000. Jumla 6,025. Ingebaki 14,675. Mashine tungeinunua siku ile ile, na randi zaidi ya 1,600 zingebaki. Niliokoa dola 51, nikakosa mashine.

Ajanse ilifungua kile kilichobaki cha garanti nyuma ya karibu wiki tatu. Wakati huo wamama wa njia ya Kipushi walikuwa wanapiga mahindi ndani ya mifuko kwa fimbo, kama kila mwaka. Nilienda kuwaeleza mimi mwenyewe. Mama mmoja aliniuliza: "Mutoto wangu, sasa ile feza, njo gari ilikula?" Nilijibu ndiyo. Sehemu ya mpira tulichanga sisi wanne, tukairudisha. Mashine ilifika mwaka uliofuata.

Kwa hiyo sharti la kwanza ni hili: kadi yenye kufungwa garanti isiwe na pesa ya watu. Na mbele ya kusafiri, uliza ajanse kwa barua maswali mawili: mutafunga kiasi gani, na munakubali kadi ya namna gani? Ofisi nyingi zinataka kadi ya kredi yenye jina la dereva mwenyewe. Kadi zetu nyingi ni za debi ao za kujaza, na kuna fasi watakukatalia, ao watakubali tu kama unanunua kinga kubwa. Heri kujua hiyo ukiwa nyumbani kuliko saa nne ya usiku uwanja wa ndege.

Je, wengine wakitugonga?

Watu wanasema: "Kama si kosa langu, mimi silipi." Kwa gari ya kukodi haiko vile. Mara nyingi ajanse inakata fransizi kwanza, hata kama kosa ni la mwingine. Kisha inamtafuta yule mwingine. Ikimpata na akilipa, unarudishiwa. Asipolipa, pole.

Na Afrika Kusini jambo hili lina uzito wake. Kule hakuna sheria ya kulazimisha kila mwenye gari kuwa na asiransi ya kulipa vitu vya wengine. Kuna mfuko wa serikali, Road Accident Fund, ambao unapata pesa kwa kodi iliyowekwa ndani ya bei ya esanse na mazuti. Kila anayejaza tanki anachanga. Ule mfuko unashughulikia watu walioumia na familia za waliokufa. Gari iliyopondeka, haiihusu. Maana yake, yule anayekugonga anaweza kuwa hana asiransi yoyote, na anafuata sheria. Na wewe ukigonga gari ya mtu, mfuko hautalipa ile gari. Kwa hiyo soma kama kontra yako imeweka kinga ya vitu vya wengine, na mpaka kiasi gani.

Usilete mazoea ya nchi moja kwenye nchi ingine. Ndugu zetu wanaoenda Bruxelles ao Paris: kule asiransi ya kulipa wengine ni lazima kwa sheria, na inakuwa tayari ndani ya bei ya gari. Unachochagua kule ni fransizi tu. Marekani ni kinyume: mara nyingi bei unayoona kwanza haina kinga ya gari, na ile ya kulipa wengine inaweza kuwa ndogo sana, kiasi cha chini cha jimbo. Uliza vyote viwili.

Na sisi wa Lubumbashi tunaopita Kasumbalesa na gari za kwetu, tunajua kadi ya manjano ya COMESA. Si ile ya chanjo ya homa ya manjano, ni ile ya gari. Inapeleka asiransi yako ya kulipa wengine mpaka nchi zingine za mpango ule, kama Zambia, Zimbabwe, Uganda ao Kenya. Tanzania nayo imo hata kama haiko mwanachama wa COMESA. Lakini tukumbuke mambo mawili. Haitengenezi gari yako wewe. Na Afrika Kusini haimo ndani ya mpango. Ukikodi gari Lusaka, uliza kama inaruhusiwa kuvuka, na kwa karatasi gani.

Namna ya kuchagua

Sasa swali lenyewe. Je, kila mara tuchukue kinga kubwa? Hapana. Ajanse inapata faida kwa kinga, haiko sadaka. Tufanye kama tunavyofanya kwa mbolea: gharama upande huu, hasara upande ule.

Kwa kontra yetu, kinga kubwa ya siku tano ilikuwa randi 700. Ilikuwa inapunguza hasara yangu ya juu kutoka 24,000 mpaka 5,000, maana yake randi 19,000. Gawanya 19,000 kwa 700, unapata 27. Kwa maneno mengine: kama katika safari 27 kama ile ninapata aksida kubwa moja, nimelipa sawa na nilichopata. Kama mimi ni dereva mzuri, njia ni nzuri, na aksida haiji hata moja kwa safari 27, kwa hesabu peke yake kinga ile ni ghali.

Lakini mlimaji anajua kwamba hesabu ya wastani haitoshi. Mwenye hekta 100 anaweza kujaribu mbegu mpya kwenye hekta 2, zikikufa anakula. Mwenye nusu hekta akijaribu kwenye yote, zikikufa watoto wanalala njaa. Hasara ni ile ile kwa hekta, lakini watu hawabebi sawa. Kwa hiyo swali la pili ni kubwa kuliko la kwanza: kama kesho wanakuambia ulipe fransizi yote, utaipata wapi? Kama iko kwenye akiba yako na hautauza kitu, chukua kinga ya kawaida, ulale vizuri. Kama itabidi ukope, ao uguse karo ya wadogo zako, ao pesa ya kikundi, lipa kinga kubwa, na uihesabu ndani ya bei ya safari toka siku ya kwanza. Kama safari haibebi bei ile, basi safari haibebi gari. Tafuteni basi, ao dereva na gari yake.

Swali la tatu: njia gani? Mjini, mikwaruzo na wizi. Mashambani, mipira, vioo na chini ya gari. Kwa sisi, nyongeza ya mipira ilikuwa 225, na hasara ilikuwa 5,050. Hiyo ni zaidi ya mara 22. Kwa njia yenye mashimo na malori, sitaiacha tena.

Swali la nne: huna tayari? Kuna kadi za banki za daraja la juu zenye kubeba kinga ya gari ya kukodi, lakini kwa kawaida kwa sharti ulipe gari yote kwa kadi ile. Omba banki yako ikupe masharti kwa maandishi, usitosheke na maneno ya kwenye dirisha. Kuna pia kampuni zinazouza kwa intaneti kinga ya kurudisha fransizi, kwa bei ndogo kuliko ya ajanse. Ni nzuri, lakini nyingi zinauzia tu wakaaji wa nchi fulani, na pia haziondoi garanti: unalipa ajanse kwanza, kisha unaomba kurudishiwa. Kwa mtu mwenye shida ya garanti kama yangu, hazitatui.

Kuhusu ile ya mwili: kama tayari umenunua asiransi ya safari yenye hospitali, uangalie kama inahesabu aksida ya gari. Ikihesabu, ile ya ajanse ya abiria unaweza kuiacha. Usilipe kitu kimoja mara mbili.

Mbele ya kushika ufunguo

Hii mutaiandika mahali, itasaidia:

1. Omba kontra siku moja mbele, kwa barua. Tafuta mtu wa kukusaidia Kiingereza. Usitie sahihi kitu ambacho umeelezwa kwa mdomo tu.
2. Soma namba tatu: fransizi, garanti, na bei ya kinga kwa siku. Zidisha kwa siku zote.
3. Soma orodha ya yale ambayo hayamo.
4. Andikisha kila mtu atakayeshika volan. Kama una chini ya miaka 25, ao permi yako ni mpya, uliza kama kuna bei ya kuongeza.
5. Piga picha za gari pande zote, janti nne, mipira, vioo, paa, na tanki ya esanse. Kila mkwaruzo uandikwe kwenye karatasi mbele ya kutoka.
6. Tia kwenye simu namba ya ajanse na ya polisi. Kukitokea aksida, piga picha, omba namba ya dosie ya polisi, na tangaza siku ile ile hata kama ni kitu kidogo.
7. Rudisha gari mchana, ofisi ikiwa wazi, mtu aiangalie mbele yako na akupe karatasi. Ukiacha ufunguo kwenye sanduku usiku, kitakachopatikana asubuhi ni chako.

Mkubwa wetu yule, tukikutana bado ananiambia: "Yaya, uliniskiliza juu ya nini?" Tunacheka. Lakini mwaka huu tulipopanga safari ya Zambia, yeye njo alikuwa wa kwanza kuomba kontra, na aliuliza fransizi mbele ya kuuliza bei.

Safari njema kwa wale wanaojitayarisha.